Jeli Aliyoiahidi Chiriku

Fundi Cheche alikuwa na mikono ya kazi zote isipokuwa ya jikoni. Mpe geti lililopinda, dirisha la nondo lililong'oka, hata kitanda cha chuma kilichochoka kubeba ndoa ya watu wawili wanene, atakirudishia heshima yake kabla ya adhuhuri. Lakini mpe sufuria uone. Majirani walikuwa wakianza kunusa hewa na kuulizana kuna nini. Mke wake alipenda kusema kwamba katika maisha yake amemwona mtu mmoja tu anayeweza kuunguza maji, na huyo ndiye aliyemwoa. Cheche hakubisha, maana sufuria yenyewe ilikuwepo, imetoboka.

Jina la Cheche alipewa na wateja kwa sababu ya mashine yake ya kuchomelea, ambayo cheche zake zilimwachia vidoa vyeusi kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mrefu, mabega mapana, maneno haba. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa ameyachukua binti yake. Huyo alikuwa mtoto wa pekee, aliyepatikana baada ya miaka saba ya kungoja, na tangu aanze kusema hakunyamaza ila akilala. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Alizungumza na kuku wa jirani, na vijiko, na muuza maziwa, na kidonda cha goti lake mwenyewe. Jioni baba mtu alirudi kutoka karakana masikio yakimvuma kwa kelele za chuma, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, na Chiriku akamwanzishia habari za siku nzima, nani amelia darasani na nani amepiga chafya mara ngapi. Cheche aliitikia "Enhe" na "Kumbe," na huo ndio uliokuwa mchango wake wote. Kwake ilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku.

Chiriku alifariki mwezi wa sita kwa homa ya uti wa mgongo. Hapa hakuna la kuzungusha. Siku ya kwanza kichwa kilimuuma, siku ya pili hakutaka mwanga wa taa, siku ya tatu wazazi wake walirudi nyumbani wawili. Alikuwa na miaka minane.

Tangu siku ile mume na mke walipotewa na majina. Mtaa mzima ulimjua mke kwa Mama Chiriku, na ndani ya nyumba yeye alimwita mumewe Baba Chiriku, kama watu wote wanavyoitana. Sasa hakuna aliyethubutu. Cheche akimtaka mkewe alisema "Sikiliza." Mke akimtaka mumewe alisema "Wewe," au hakusema kitu, alisubiri mpaka atokee. Watu wawili waliolala kitanda kimoja wakawa wanaitana kwa kukohoa.

Mke huyo hakuwa mtu wa kulala mchana. Miaka kumi alikuwa akifanya kazi katika jiko la hoteli, upande wa vitu vitamu vya baridi, na alikuwa hodari hasa. Baada ya mazishi alipewa likizo. Likizo ikaisha, hakurudi. Ikaja barua ya kwanza, ikaja ya pili, zote mbili zikakaa juu ya kabati bila kufunguliwa. Dada yake alikuja kuwapikia kwa miezi miwili, halafu naye akarudi kwake, ana watoto wake. Mke wa Cheche akabaki chumbani, uso ameuelekeza ukutani. Aliamka kuoga, akala vijiko vitatu vya chochote alicholetewa, akarudi kulala. Machozi yalikuwa yamemkauka, na Cheche aliyaogopa macho yale makavu kuliko alivyoogopa kilio.

Basi ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja, Cheche yuko karakana, kinyago amekipandisha juu ya kichwa, simu ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la wazazi, kutoka kwa mwalimu wa darasa. Wazazi wapenzi, Siku ya Sahani ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, orodha ya vyakula ni ileile tuliyoiandika mwezi wa kwanza. Chini yake picha ya karatasi. Cheche aliikuza picha kwa vidole vyake vizito, akashuka nayo taratibu, wali, kuku, mkate, maandazi, mpaka namba kumi na tisa. Jina la binti yake lilikuwepo, zima, pamoja na jina lake yeye na la babu. Mbele yake mwalimu alikuwa ameandika: jeli ya matabaka matano.

Siku ile ya kuandika orodha Cheche alikuwepo. Wazazi waliitwa darasani pamoja na watoto, kila nyumba itaje italeta nini mwisho wa mwaka. Zamu yao ilipofika, Cheche alifungua mdomo aseme soda, jambo salama kwa mtu wa aina yake, lakini Chiriku alikuwa ameshasimama juu ya kiti. "Sisi tutaleta jeli ya matabaka matano! Nyekundu, nyeupe, ya njano, nyeupe tena, na ya kijani juu!" Mwalimu akamuuliza kama amemwambia mama yake. Chiriku akajibu, "Nitamwambia leo jioni, hatakataa," na darasa zima likaangua kicheko. Na kweli hakukataa.

Siku ya Sahani ilikuwa na utaratibu wake, nao mwalimu hakuubadilisha mwaka hadi mwaka. Hakuna sahani iliyowekwa mezani kimyakimya. Mwalimu alisoma daftari la mahudhurio, mtoto aliyeitwa akasema "Nipo," akataja alicholeta na ni mkono wa nani, akakipeleka mezani mwenyewe huku akipigiwa makofi. Chiriku alikuwa ameshafanya hivyo miaka miwili, na mara zote mbili alieleza mpaka mwalimu akamwomba akae.

Kabla Cheche hajarudisha simu mfukoni, picha ilikuwa imefutwa. Bila shaka mzazi mmoja alikuwa amemshtua mwalimu. Ukaja ujumbe mwingine, huu wa kwake peke yake. Baba, nisamehe sana, sikuangalia. Nimfute?

Cheche alikaa juu ya geti la watu ambalo alikuwa bado hajalimaliza. Mtoto wake alikuwa ameondolewa mahali pengi katika miezi ile mitano, kitandani, mlangoni, kwenye hesabu ya sahani za chakula cha jioni, na kila mara hakuna aliyemwuliza baba yake. Sasa ameulizwa. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: Usimfute. Muite kama wengine. Jeli nitaleta.

Jioni alisimama kwenye mlango wa chumba.

"Jumamosi ni Siku ya Sahani," akasema.

Mkewe hakugeuka.

"Jina lake liko kwenye orodha. Mwalimu ameniuliza kama alifute. Nimemwambia asilifute."

"Ungemwacha alifute."

"Aliahidi jeli mbele ya watu."

"Nani atamlaumu?"

"Hakuna. Lakini mwalimu ataita, na akiita lazima mtu aitike."

"Mimi siwezi kusimama pale," mkewe akasema.

"Nitasimama mimi."

"Na jeli?"

"Nitapika."

"Jeli haipikwi," mkewe akauambia ukuta. "Inagandishwa." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima, na Cheche aliondoka mlangoni polepole, asije akayaharibu.

Ijumaa alifunga karakana adhuhuri. Dukani alinunua pakiti za jeli nyekundu, za njano na za kijani, maziwa mazito ya kopo, unga wa jeli usio na rangi, zabibu, nanasi na maembe mawili. Mwenye duka alimwangalia akasema, "Fundi, leo kuna sherehe?" Cheche akajibu, "Kuna kazi." Mwenye duka alikumbuka, akajing'ata mdomo, akamfungia vitu vyake vizuri kuliko alivyowahi kumfungia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata nafasi kwenye friji. Friji lenyewe lilikuwa zee, mguu wake mmoja ulishavunjika na Cheche akauchomelea mwingine. Alitoa chungu cha maharage, akatoa vitunguu vilivyoota majani, na nyuma kabisa mkono wake ukagusa chupa ndogo. Ilikuwa dawa ya Chiriku ya kushusha homa, ya siku ile ya kwanza, walipodhani ni homa ya kawaida. Ilikuwa imebaki nusu. Mdomo wa chupa ulikuwa na dawa iliyokauka, mahali pale mtoto alipokataa kijiko cha pili na kikamwagika. Wote wawili walikuwa wamelifungua friji lile tangu siku ile, na wote wawili walikuwa wameiona. Cheche aliishika mpaka ikapata joto la mkono, halafu akairudisha palepale.

Akasoma maelezo ya pakiti mara tatu. Akachemsha maji, akakoroga jeli nyekundu, akakata zabibu nusunusu, akaimimina kwenye bakuli kubwa la kioo la mkewe, lile la pembe nne, na akalitia ndani ya friji. Baada ya saa nzima alibonyeza kwa kidole. Imeganda. Alijisikia mtu. Akachemsha maziwa na ule unga usio na rangi kwa ajili ya tabaka jeupe, na hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Mtu aliyechomelea chuma kwa miaka ishirini anajua jambo moja kwa mifupa yake: kitu cha baridi hakishikani na cha baridi. Ukitaka viungane, tia moto. Kwa hiyo alilitoa bakuli, akaipua maziwa yakiwa bado yanatokota, na akayamimina juu ya jeli nyekundu kwa moyo mkunjufu.

Jeli ikayeyuka mbele ya macho yake. Wekundu ulipanda katikati ya weupe, zabibu zikaibuka juu na kuanza kuogelea, na kufumba na kufumbua bakuli zima likawa uji wa waridi. Cheche alibaki na sufuria mkononi.

"Baba Chiriku! Umemimina ya moto?"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, maana jikoni na chumba cha kulala viliegemeana. Mkewe alikuwa amelala akisikiliza. Alisikia maziwa yakichemka, alisikia kijiko, halafu akasikia yakimiminwa bila kusubiri, na miaka kumi ya kazi ikamtoka mdomoni kabla yeye mwenyewe hajajua. Jina nalo likatoka humohumo. Cheche alisikia kitanda kikilia kidogo, akadhani mkewe anaamka, lakini hakuamka.

"Nimemimina," akajibu mwishowe.

"Kwa nini?"

"Nilitaka vishikane."

"Hicho si chuma. Cha chini kigande, cha juu kipoe kabisa, ndipo vishikane. Umebakiwa na pakiti nyingine?"

"Nilinunua mbilimbili. Najijua."

Kupitia ukuta ikaja pumzi fupi ya puani, karibu kicheko. "Hiyo usiimwage, iweke kwenye bakuli jingine. Anza upya. Na mara hii usibonyeze, gusa tu. Ikinata kwenye kidole lakini isikifuate, hapo ndipo unamimina. Ikishakuwa ngumu kabisa hailishiki tena tabaka la pili."

Akaanza upya. Ilipokuwa tayari kwa tabaka jeupe, sauti ilimwambia ashike kijiko kikubwa, akigeuze, amimine juu ya mgongo wake ili maziwa yashuke polepole bila kuchimba. Hapo Cheche aligundua kwamba jambo hili analiweza. Mkono wake ulikuwa umezoea kwenda mwendo mmoja bila kutetemeka, upana uleule, kutoka pembe hadi pembe. Maziwa yalitandazika juu ya wekundu na hayakuuchafua. Alifurahi, na mara akaona aibu ya kufurahi.

"Ya njano unatia tunda gani?" sauti ikauliza baadaye.

"Nina nanasi na maembe. Nanasi analipenda."

Hakuna aliyelisahihisha neno lile. "Lichemshe kwanza," mkewe akasema. "Nanasi bichi halikubali jeli igande, utangoja mpaka kesho kutwa. Lichemshe, lichuje, lipoe. Maembe utakula mwenyewe."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi alasiri nzima, mmoja kwenye sinki na mwingine kitandani, ukuta katikati. Kila baada ya muda Cheche alisema, "Nimegusa, inanata," na sauti ikajibu, "Mimina," au, "Bado." Wakati mwingine hakukuwa na la kuuliza na aliuliza tu. Tabaka la kijani liliingia kwenye friji jua likishuka, na saa moja baadaye Cheche alilitoa bakuli, akalipangusa kwa kitambaa, akalibeba mpaka mlango wa chumba na kuwasha taa.

Mkewe alikaa muda kabla ya kugeuka. Akageuka. Akaliangalia bakuli kwa jicho la kazi, ubavu huu na ubavu ule.

"Limeinama upande mmoja."

"Ni friji. Mguu niliuchomelea mimi."

"Mgongo wa kijiko umeutumia vizuri," akasema, na hapo akajifunika uso kwa mikono miwili. Cheche hakujua aingie au arudi. Hakuwa na mahali pa kuliweka bakuli, na hakutaka kuliweka chini. Alisimama pale kama mhudumu aliyekosea meza, kisha akazima taa na kulirudisha kwenye friji. Aliumia kwamba hakuingia, na kitandani aliendelea kuumia, mgongo wake ukigusana na wa mkewe.

Jumamosi asubuhi alijifungia bafuni. Alikuwa amepata tatizo jipya, nalo ni neno. Mwalimu akishaita, aseme nini? "Nipo kwa niaba yake" lilikuwa neno la katibu wa kikao. "Nimekuja badala yake" alilikataa, maana hakuna aliyekuja badala ya mtu. Mwishowe aliamua atasema vilevile kama watoto, Nipo, nimeleta jeli ya matabaka matano, ni mkono wa baba. Akafungua bomba ili asisikike, akajizoeza mbele ya kioo. Neno la kwanza halikutaka kutoka zima. Lilikatika katikati kila mara, naye kila mara akanawa uso, akajikaza, akaanza tena.

Alivaa shati la kufuliwa na kupigwa pasi, akapanga barafu kwenye beseni, akaweka bakuli juu yake na kulifunika kwa taulo jeupe. Mlangoni alisema, "Naenda." Alitembea dakika ishirini, akifuata upande wenye kivuli, mikono ameinyoosha mbele, na maji ya barafu yakimlowesha tumbo. Watu waliomfahamu walimpisha njia bila kuuliza.

Darasani madawati yalikuwa yameunganishwa kuwa meza moja ndefu yenye kitambaa cha maua. Wazazi walimsalimia kwa sauti ya chini. Mama mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kusahau kuuachia. Baba mwingine, mteja wake wa siku nyingi, alijitia kusoma bango la hesabu za kuzidisha ukutani. Cheche alitafuta mahali pa kusimama akapata nyuma, karibu na dirisha. Mwalimu alikuwa mlangoni anaongea na simu, amewapa mgongo. Alipoingia macho yake yalikuwa mekundu, akamtazama Cheche mara moja tu, akalifungua daftari.

Akaanza kuita. Mmoja baada ya mwingine watoto wakasema "Nipo," wakatangaza wali wa bibi na kuku wa mama, wakapigiwa makofi. Cheche alikuwa anahesabu. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Alivuta pumzi. Namba kumi na nane alikuwa msichana mwenye pengo, aliyeleta mkate na kuangusha kipande. Watu walicheka, kipande kikaokotwa, mwalimu akarudisha kidole kwenye daftari. Cheche alipiga hatua moja mbele, beseni kifuani, mdomo umeshafunguka.

Mwalimu aliita namba ishirini.

Mtoto wa namba ishirini alipita mbele yake na sinia la maandazi. Cheche alibaki pale katikati ya njia, mguu mmoja mbele, hajui kama kidole kimekosea mstari na kitarudi. Hakikurudi. Ishirini na moja, ishirini na mbili. Alirudi nyuma polepole mpaka mgongo ukagusa dirisha. Hakuna aliyemwangalia, na kila mmoja alijua kwa nini hamwangalii. Watu wote walikuwa wema siku ile, na wema wao ulimchoma kuliko moto wa kazi yake.

Majina yalipokwisha, mwalimu alimfuata, akalipokea bakuli kwa mikono miwili na kulitua katikati ya meza. "Asante, baba," akasema. Watoto waliishambulia jeli kabla ya kitu kingine chochote. Walitenganisha tabaka kwa tabaka kwa vijiko, wakabadilishana nyekundu kwa kijani, wakaramba mpaka pembe za bakuli, na hakuna hata mmoja aliyeuliza imetoka kwa nani. Mama mmoja aliliosha bakuli na kulifuta. Cheche alishukuru kila mtu, akaondoka.

Njiani alipanga maneno. Mkewe alikuwa ameongea jana alasiri nzima. Alikuwa amemwita kwa jina. Ikiwa sasa atasikia kwamba mtoto wake amerukwa mbele ya watu, atageukia ukuta, na safari hii hatageuka tena. Cheche hakuwa mwongo, hata kwa wateja, jambo ambalo kwa fundi si dogo. Lakini alipofika mlangoni uongo ulikuwa tayari.

Alimkuta jikoni. Amevaa gauni, amefunga kitambaa kichwani, amekaa kwenye kigoda, na mbele yake vikombe viwili vya chai. Cheche alishtuka nusura aliangushe bakuli.

"Wamekula?" mkewe akauliza.

"Wameimaliza. Wameramba."

"Walimwita?"

Cheche aliligeukia sinki, akaanza kuliosha bakuli lililokwisha kuoshwa. "Walimwita."

"Mwalimu mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa sauti kubwa."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nipo. Wakapiga makofi."

Maji yalikuwa yanatiririka, Cheche hakuyafunga.

"Nilimpigia mwalimu," mkewe akasema. "Baada ya wewe kutoka. Nilimwomba akifika kwenye jina lake aliruke."

Cheche alifunga bomba. Hakugeuka. "Kwa nini?"

"Nilikusikia bafuni tangu alfajiri. Nipo. Nipo. Nipo. Kila mara inakatika. Nikasema huyu ataanguka mbele ya watoto wa watu, na mimi sipo wa kumshika. Sikuweza kuja. Nilijaribu, nikavaa, nikafika mlangoni. Sikuweza. Basi nikapiga simu."

Cheche alikaa chini, juu ya sakafu, kwa sababu kiti kilikuwa mbali. Alikuwa na hasira, na hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

"Si jeli," akasema. "Nilitaka kulisikia. Miezi mitano hakuna mtu anayelitaja. Wananiambia pole, pole, wanasema yule mtoto, yule marehemu, yule malaika. Jina hawalisemi. Nilitaka nilisikie likiitwa mara moja, katika foleni, pamoja na ya wenzake. Basi. Nilitaka hilo tu."

Mkewe alishuka kutoka kwenye kigoda, akakaa sakafuni kando yake, bega kwa bega.

"Liite wewe," akasema.

"Mimi?"

"Liite. Kama mwalimu."

Cheche alijisafisha koo. Akaita. Aliliita lote, lile jina alilomchagulia mwenyewe asubuhi aliyozaliwa, kisha lake yeye, kisha la babu. Lilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, likajaa jikoni, na nje kuku wa jirani wakaruka. Halafu wakasubiri wote wawili, kichwa kimeinamishwa upande, muda ule ule unaomtosha mtoto kumeza alichonacho mdomoni na kuitika.

"Hayupo," akajibu mama yake.

Hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kulisema neno hilo. Sasa limesemwa, naye Mama Chiriku akakilaza kichwa juu ya mkono wa mumewe wenye vidoa vyeusi, akalia kwa sauti, na mtaa mzima ukamsikia.